Kiraka

Kufikia saa nne asubuhi walikuwa wamekunywa chai mara mbili
na A. alikuwa bado ni herufi yenye nukta.

Nyimbo thelathini na moja za marehemu Tibamwenda,
zote kwa solfa, kwa penseli, mgongoni mwa stakabadhi za kiwanda cha chai,
na juu ya kila wimbo, kona ya kulia: Kwa A.
Si kwa Mungu. Si kwa kwaya ya Kasusu.
Kwa A.

Mimi niliitwa kwa ajili ya kinanda.
Kilikuwa kinakohoa tangu Pasaka, na saa nane wangekihitaji.
Wakanipa nafasi nyuma ya pazia,
na bisibisi yangu, na kopo langu la gundi,
nikawasikiliza wasomi wakipekua moyo wa mtu.

Profesa Nalumansi wa Kampala alisema: Adyeeri,
muuguzi wa Virika, yule aliyehamishiwa Hoima
mwaka uleule nyimbo zilipoanza kushuka nusu sauti.
Analo daftari la zamu za usiku. Anazo tarehe.

Dakta Kirungi akacheka puani.
Tarehe si busu, alisema. Ni Atwooki, mke wa karani wa shamba,
na asiyeamini ahesabu mapigo ya wimbo wa kumi na tisa:
ni mwendo wa mwanamke anayechechemea mguu wa kushoto.
Ukumbi ukahesabu. Nami, chali chini ya kinanda, nikahesabu.
Kweli, wimbo ulichechemea.

Mgeni wa ng'ambo aliomba radhi kwanza.
Pengine, alisema, A. ni alto tu.
Pengine mtu huyu aliipenda ile sauti ya pili
ambayo huisikii mpaka inyamaze.

Kulikuwa na jambo ambalo Kirungi, mtoto wa hapahapa Fort Portal,
alilijua tangu hajaota meno, akalimeza:
huku kila mtu ana empaako,
na empaako zote zaanza na A, isipokuwa ile ya mfalme.
Akiiki, Abwooli, Amooti, Apuuli, Ateenyi,
mwanamume na mwanamke hugawana bila kugombana.
Simama sokoni Mugusu uite "A!"
soko zima litageuka,
na muuza nyanya atakuuliza unamdai nini.

Mjane, Bi Kabasinguzi, alikaa safu ya tatu, mkoba magotini.
Yeye ni Abooki.
Walikuwa wamemfuta kwenye orodha tangu ukurasa wa pili:
mke, waliandika, si fumbo.
Alipopewa kipaza sauti alikishika kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani.
"Penseli," alisema, "nilikuwa nikinunua mimi."
Akakirudisha.

Ndani ya mivukuto nilikuta kiraka.
Si ngozi. Karatasi, imekunjwa mara nne,
imebandikwa kwa mkono wa mtu asiye fundi, na kwa haraka.
Barua. Ukingo mmoja umejitokeza:
usije Jumapili, mvua ikikatika nita
halafu gundi, gundi nyeusi kama sukari iliyoungua,
na chini kabisa, mahali pa jina, mkunjo.

Mvuke wa birika ungeibandua. Dakika tano.
Na birika lilikuwa hapo, linachemka chai yao ya tatu.

Lakini ngozi nilikuwa sina, na saa nane ni saa nane.

Nilipaka gundi yangu juu ya gundi ile.
Nikabana kwa vidole, nikahesabu hadi mia mbili,
huku kule mbele wakigombania kiambatisho cha nne.

Mchana kwaya iliimba wimbo wa kumi na tisa.
Kila mpigaji alipokanyaga, ile barua ilivuta pumzi,
ikaitoa.
Profesa aliandika. Dakta aliandika.
Bi Kabasinguzi alikuwa akitafuta kitu mkobani.

Walinilipa elfu sitini, wakataka sahihi kwenye risiti.
Kinanda kinaimba.
Ila kinapofika kwenye la, bado kinasita kidogo.
Wameniuliza kwa nini.
Nimesema ni unyevu.