Jina Halimo

Kazi yangu ni kubeba maneno
kutoka kinywa hiki hadi sikio lile,
Mahakama ya Malindi, chumba cha pili,
pangaboi lenye bawa moja lililopinda.
Miaka kumi na tisa. Nimetafsiri mapanga,
mirathi, minazi iliyokatwa usiku.
Jana neno moja lilinishinda.

Lina tarakimu tumboni, kistari kila kiungo.
Mkemia wa serikali alilisoma mara mbili,
ya pili polepole, kama anayevuka matope.
Mbodze akanitazama midomo.
Ni unga, nikamwambia kwa Kigiriama.
Unga wa nini?

Kipakiti kiliandikwa: Chakula cha maua. Si cha kuliwa.
Mwanawe Tsofa alikipata Muyeye,
nyuma ya karakana ya pikipiki, shilingi mia mbili na hamsini.
Usiku wa kwanza alifagia uwanja
hadi mizizi ya mwarobaini ikatokeza.
Wa pili alifungua redio, saa, jiko la mafuta,
amwone anayehema ndani.
Wa tatu, mama akasikia kupitia ukuta wa udongo
kama jirani anasaga mahindi:
yalikuwa meno.
Wa nne, ngozi moto, moyo unamtangulia mwenyewe,
akiwasalimu kuku kwa majina ya marehemu,
akavunja kioo cha duka la dawa
akilia auziwe usingizi.

Hakimu akafungua jedwali la sheria.
Kidole kikashuka. Bangi ipo. Heroini ipo. Kokeni.
Kikafika ukingo wa karatasi, kikabaki hewani.
"Halimo."
Hilo nililitafsiri barabara.
Shtaka la unga likafa; la kioo likabaki,
faini elfu tatu na mia tano.

"Kwa hiyo si sumu?" Mbodze akauliza,
akaniuliza mimi, si hakimu.
Mkalimani hana maneno yake.

Barazani mkemia akaniambia, akifuta miwani:
tutaliandika, mwakani labda,
nao huko waliko watasogeza punje moja tu,
kama mtu asogezaye kigoda jua likimfikia,
liwe jina jingine,
na kidole kianze upya kutoka juu.

Tsofa benchini, taya likitafuna hewa.
Aliniuliza saa. Nikamwambia. Akauliza tena.

Mbodze akanyosha kiganja:
niandikie, hospitali wakiniuliza alikula nini.
Nikaandika kwa kalamu ya mahakama.
Kiganja kikaisha.
Nikaendelea kwenye mkono,
karibu na pale mshipa unapopiga.