Pua Iliyostaafu

Miaka ishirini na saba, pale kwenye mizani, Wete,
nilizamisha mkono guniani hadi kiwiko,
nikatoa konzi, nikavunja karafuu moja kwa ukucha,
nikanusa, nikasema: daraja la kwanza.
Au: hii haijakauka, irudishe juani, Faki,
usinifanye mtoto.
Hawakunibishia. Pua hii ilikuwa na muhuri.

Sasa imelipwa kiinua mgongo chake, haina kazi.
Ndiyo maana kuna makopo sita dirishani,
ya maziwa ya unga, yaliyobanduliwa karatasi,
na daftari langu la mizani, kurasa zilizobaki.

La kwanza Lushoto, kaleta shemeji.
Majani meusi, mafupi, yenye hasira;
huyawezi mpaka maji yachemke kwa vishindo.
Nimeandika: *rangi ya mlango mkongwe. Hushika ulimi pembeni.*
La pili Mufindi. Nimeandika tu: *asubuhi.*

La tatu, majani ya kijani ya China.
Mgeni aliyasahau hotelini, Nungwi,
Makame akaniletea.
Nikayachemsha kama ninavyojua kuchemsha chai,
dakika kumi juu ya seredani.
Mkasi akaonja, akatema uani.
"Bwana we, hii si chai. Hii talaka."

Nikajifunza. Jani la kijani halipigiwi kelele.
Unaipua birika, unaiacha ishushe hamaki,
subhanallah thelathini na tatu, ndipo umimine.
Thelathini na tatu nyingine, unachuja.
Ikatoka harufu ya majani yaliyofyekwa Konde
mvua ikiwa imepita sasa hivi.

Na maji! Kwa maji mtu hanambii kitu.
Ya bomba yana dawa. Ya kisima chetu yana chumvi kidogo.
Ya vuli, niliyoyakinga chini ya bati,
hayana neno la kusema,
kwa hiyo yanasikiliza.

La nne: vipunje vimejikunja kama pilipili manga.
Vimwagie maji, usivikoroge, ngoja:
kimoja kinakunjua jani zima, na kikonyo chake,
kama mtoto mchanga anayefumbua ngumi usingizini.
Nilimwita Mkasi aone. Alikuja na unga mikononi.
Akasema, "Mh."
Mh ya Mkasi si ndogo.

(La tano mchaichai wa hapo nyuma ya choo.
La sita ni lake mwenyewe: chai ya vumbi ya dukani,
maziwa, tangawizi ya kuponda. Daftari halitaki.)

Jana nilikaa na Raya, mjukuu, miaka minane.
Nikampa ya Lushoto kwenye kikombe cha kahawa.
"Sema unachonusa. Usiniogope."
Akanusa. Akafikiri, macho kwenye boriti.
"Karafuu, babu."
Nikacheka. Humu hamna karafuu, mwanangu,
hii ni chai tupu, nimeipika kwa mkono wangu.
Akanusa tena.
"Imo."

Mkasi akachukua chujio, akalipindua kisahanini.
Katikati ya majani, na kichwa chake: moja.
Tangu Ramadhani, akasema,
kila ukigeuza mgongo natia moja kwenye birika,
moja tu,
nione kama utajua.
Hakucheka.

Leo alfajiri nimeiweka kiganjani peke yake.
Nimeivunja kwa ukucha. Mafuta yameng'aa.
Nasikia harufu ya mkaa, ya mkeka, ya mvua inayokuja Mtambwe.
Hapo kwenye karafuu pana pengo,
kama kiwanja ambacho nyumba yake imevunjwa
na mimi nilizaliwa humo.

Raya ameandika, kwa penseli nyekundu:
*Chai ya Lushoto. Karafuu moja. Nzuri.
Babu hasikii. Mimi nasikia.*
Nikamwonyesha safu ya mwisho kulia,
pale anapotia sahihi mpimaji.