Juu Yetu Yuko Bi Zuwena

Limetoka na boflo, asubuhi ya Jumatatu,
saa moja kasorobo, mtoto keshavaa ushungi wa skuli,
chai ya mkandaa inafuka, mimi natafuta soksi ya pili.
"Mama, mkate una jiwe."
Si jiwe. Ni jino.
Dogo, kama punje ya mchele,
na tone la damu pembeni
kama hina iliyokosea ukucha.

Shaame, miaka mitatu na nusu,
akapanda kiti amchungulie dada yake mdomoni:
"Pana mlango!"
Nikacheka hata chai ikamwagika.
Soksi sikuiona. Nasriya akenda skuli
na soksi mbili zisizojuana.

Jioni ndipo maneno yalipoanza.
Wenzake wamemwambia jino hutupwa juu ya paa,
usipolitupa litaota la mbuzi.
"Twende tukalitupe."
Tukatazamana mimi na baba yao,
kisha tukatazama dari:
saruji, na balbu moja.
Hapa Michenzani, ghorofa ya pili,
juu yetu yuko Bi Zuwena na cherehani yake,
juu ya Bi Zuwena yuko mwalimu Khatib,
juu ya mwalimu sijui nani,
twasikia tu viti vikibururwa.
"Kwa hiyo paa letu ni Bi Zuwena?" akauliza Shaame.
Nyamaza mwanangu, asije akasikia.

Baba yao akenda kuulizia ufunguo wa juu kabisa.
Mwenye ufunguo yuko Jang'ombe kwa mke mdogo,
atarudi Alhamisi, inshallah,
na inshallah yake tunaijua.

Jino likalala ndani ya kibiriti, juu ya friji.
Kila akirudi chuoni, hata buibui hajavua,
Nasriya anakifungua, anahesabu:
moja.

Basi nikampigia mama, Wingwi.
"Hamna paa? Mwakaa wapi nyinyi, kabatini?
Nileteeni miye hilo jino."
Na kweli tukalipeleka.
Lilisafiri na mjomba Hamad, mfuko wa shati wa kushoto,
kwa meli ya usiku,
pamoja na kilo mbili za sukari na dawa ya presha.
Mjomba alitapika.
Jino halikutapika.

Ijumaa, baada ya magharibi, simu ikalia.
"Muiteni mwenye jino. Wekeni sauti kubwa."
Tukakaa mkekani wanne,
vichwa juu ya simu kama kuku juu ya chenga.
Tukasikia mama anasafisha koo,
jogoo wake asiyejua saa,
ndala zake uani.
"Bismillahi. Haya wee wa juu,
nakupa la punje, nipe la pembe!"

Kimya.
Kisha, mbali, ng'ambo ya maji:
ti.
Halafu ti-ti-ti, likibiringika bati kwa bati,
halafu basi.
"Limekaa," mama akasema.
Nasriya akajiziba mdomo kwa mikono miwili
kana kwamba jipya lingechomoza papo hapo.

Sikuwaambia
kwamba paa lile zamani lilikuwa la makuti,
kwamba langu lilipotua halikutoa sauti
na nililia, nikidhani halikufika.
Mama hakuniambia limekaa.
Alikuwa na mtoto mgongoni na mwengine tumboni,
na chungu jikoni kinafurika.
Nilimkasirikia kwa hilo miaka mingi,
hata nilipokuwa nishasahau nimekasirikia nini.
Alikuwa amechoka.

Sasa wamelala. Shaame kashika jino lake la mbele,
kalitikisa jioni nzima, limekataa.
Saa saba usiku mfereji unakohoa jikoni.
Maji.
Naamka na ndoo,
na juu yangu, gizani,
Bi Zuwena naye anaiburura yake.