Niko

Ghorofa ya nne, jumba nambari sita, Michenzani.
Vidato sitini na nne: nimevihesabu na dumu la maji mkononi,
nimevihesabu na njaa,
siku ya mshahara nikapanda nikasahau kuhesabu.

Nafungua. Natoa ile salamu ya nyumba tupu
tuliyofunzwa chuoni na maalim mwenye bakora.
Kuta zinaipokea kwa adabu,
haziniulizi nimechelewa wapi.

Viatu navivulia popote,
kimoja mlangoni, kimoja njiani,
na asubuhi nitavikuta vivyo hivyo.
Mtaona jambo dogo. Mie nimelelewa Mkunazini,
nyumba ya watu kumi na mmoja na choo kimoja,
hata kandambili zilikuwa na foleni,
na ukiacha kipande cha ajemi ukenda kunawa
ukirudi unakuta ufuta.

Kutwa nimekaa dirishani nawauzia watu tukuza.
Tarakimu ishirini kwa kila mteja, nawasomea,
wanasikia saba, nimesema sita, narudia.
Sauti yangu ikifika nyumbani imechakaa.
Naivua pamoja na buibui
naitundika msumarini mpaka kesho.

Nina friji. Ndani mna nusu nazi,
leo ni yangu, na kesho itakuwa yangu.
Nakalia mbuzi, nakuna bila haraka,
wali wa kibaba kimoja,
na ukoko nauchokoa papo hapo, sufuria mapajani,
wala hakuna wa kunambia
mvua itanyesha siku ya harusi yangu.
Ilikwisha nyesha.
Harusi ilikwisha, na ndoa nayo.

Shangazi Bimkubwa hupiga simu kutoka Wete:
"Na usiku ukishikwa na kiu, nani atakuletea maji?"
Nikamwambia, shangazi, miaka tisa nilikuwa na mtu
na maji nikimletea mimi.
Akacheka mpaka akakohoa. Salio likamkatikia.

Juzi umeme ulinizimikia mwenyewe,
mganga hajigangi.
Lakini giza la nyumba yangu nalijua kwa moyo:
hatua tatu meza, mbili kabati,
mkono wa kushoto kiberiti,
na kiberiti kiko pale pale nilipokiweka.
Sikukiwasha. Nilikishika tu
nikasimama nacho gizani, nimeridhika.

Sina televisheni, matokeo nayapata.
Jumba la ng'ambo likinguruma ni bao,
likinyamaza tumefungwa sisi.
Roshani ina kanga yangu moja na mrehani mmoja
ndani ya kopo la maziwa;
jioni nikiugusa, vidole vinanukia hadi isha.
Kitanda cha sita kwa sita nalala mshazari,
ufagio ulioangushwa,
na mto ukipata joto naugeuza.

Sisemi hakuna saa mbaya. Ipo.
Magharibi ya Ramadhani, tende tatu sahanini,
na kijiko kwenye bakuli la uji
kina kelele ambayo sikupata kuijua
nilipokuwa mmoja kati ya kumi na mmoja.

Ila chini yangu anakaa Bi Ghanima.
Hatutembeleani sana. Yeye ana wajukuu, ana mguu.
Kimya changu kikimzidi
hugonga dari yake, ambayo ndiyo sakafu yangu,
kwa mpini wa ufagio, mara moja.
Nami popote nilipo, nimekaa, nimejinyoosha,
mdomo umejaa ukoko,
namjibu kwa kisigino, mara mbili:
niko.

Halafu nasikia ufagio ukiegemezwa ukutani.
Nageuza mto.