Hati ya Makato

Riwaya ni moja, wanafunzi hamsini na wanane.
Haina jalada. Inaanzia ukurasa wa kumi na tatu,
kwa hiyo sisi wa Kidato cha Tatu B, njia ya Ussoke,
hatujui mhusika mkuu alizaliwa wapi:
tunamkuta tu amekasirika, amebeba sanduku.

Nimeomba vitabu tangu mvua za mwaka juzi.
Februari kikaja kijikaratasi kutoka wilayani:
mwalimu wa Kiingereza aongezewe kipindi,
Elimu ya Fedha, Alhamisi baada ya uji.
Vifaa: mwalimu atatumia mazingira yake.

Mazingira yangu ni tumbaku.
Imo kwenye sweta za watoto, imo kwenye madaftari;
ukifungua dirisha, moshi wa mabani unaingia mpaka ubaoni
na chaki yenyewe inanuka jani lililoiva.
Nikasema basi, kila mmoja alete karatasi
yoyote ya nyumbani yenye pesa ndani yake.

Wakaleta. Stakabadhi ya bati. Kitabu cha kikoba,
mihuri yake kama ndege aliyekanyaga wino.
Mmoja alileta barua ya mahari;
tukaisoma kwa heshima, tukaikunja, tukairudisha.
Nyamizi Mlekwa akaleta mkataba wa baba yake,
na hati ya makato ya msimu uliopita imebanwa nyuma,
kurasa nne, herufi za ukubwa wa sisimizi,
Kiingereza cha watu wasiovua viatu mlangoni.

"Tuisome kama shairi," nilisema, kwa kukosa la kusema.
Nani anazungumza humu?

Kimya. Kisha Sizya, ambaye siku zote huchora matrekta:
"Hakuna mtu, mwalimu. Vitenzi havina mtendaji.
Imekubaliwa. Itakatwa. Imeonekana inafaa.
Makato yanaota yenyewe, kama uyoga."

Niliandika ubaoni: kauli ya kutendwa.
Miaka sita nimeifundisha
kwa mpira uliopigwa na Juma,
sikuwahi kuuliza nani anafaidika
Juma asipotajwa.

Toni?
"Ya upole," alisema Kalunde. "Upole wa mtu aliyeshika funguo."
Takriri? Neno mkulima, mara thelathini na moja,
na nyuma yake, kila mara, atawajibika.
Kejeli? Wakacheka:
ukurasa wa tatu unamwita mshirika.

Kisha hesabu, maana Alhamisi ilikuwa bado Alhamisi.
Mbolea, mifuko kumi na sita, kila mmoja elfu sabini na nne.
Nyamizi akasimama. Hakupaza sauti.
"Tulipokea kumi na miwili. Niliipanga mimi, chumbani kwa bibi.
Wa mwisho niliukalia nikimenya karanga."

Mifuko minne.
Laki mbili, elfu tisini na sita.
Bati kumi na moja, alisema mmoja.
Baiskeli, na chenji, alisema mwingine.
"Mbuzi wetu," alisema Nyamizi, akakaa.

Sikuwa na andalio la somo la hapo.
Rimu ya gari ikagongwa. Hakuna aliyetoka.

Kesho yake mzee Mlekwa akaipeleka hati chama cha msingi,
amevaa koti la kanisani, siku ya Ijumaa.
Karani akapachika miwani, akapitisha kidole,
kidole kikakwama pembeni, kwenye mwandiko wa penseli,
mdogo, ulionyooka, wenye nukta mwishoni:
Msimulizi huyu si wa kuaminika.

"Nani kaandika hapa?"
"Mwanangu. Anasoma fasihi."

Akaambiwa arudi Jumatatu.
Jumatatu akarudi. Akaambiwa Alhamisi.

Riwaya bado ni moja. Tumefika ukurasa wa arobaini,
mvua imelowesha ncha, tunageuza kwa kucha.
Yule bwana bado amebeba sanduku, hajalifungua.
Sizya anaapa anajua kilichomo:
stakabadhi.