Nipunguze Wapi?

Anaanza na salamu, tena ya nyumbani kwetu:
"Mwangaluka, mwanangu!"
Hapo najua.
Anayenisalimu Kisukuma saa mbili asubuhi
hapa Kirumba, kabla sijakung'uta kitana,
ameshaanza kukata bei.

Anavua mtandio. Nywele nene, kavu,
zina vumbi la dagaa la wiki nzima.
"Rasta ndogondogo, mpaka kiunoni. Shilingi ngapi?"
Thelathini na tano elfu, rasta zako.
Anashika kifua kama nimemsomea msiba.
"Nshoma! Mimi si mtu wako?
Igoma wanasuka kwa kumi na tano!
Nitakuletea wateja, mwaloni kote watakuja,
si unajua wanawake wa kule tulivyo wengi?"

Wateja hao nawasubiri tangu mwaka juzi.
Ahadi ingekuwa unga, ningeshanenepa.

Zamani nilikuwa naeleza.
Kodi ya fremu, luku, mafuta ya nywele,
kijana wa ushuru na kitabu chake cha risiti.
Naeleza, naeleza, mpaka najikuta nimepiga magoti.
Mwenye kuieleza sana bei yake
huishia kuiombea radhi.

Siku hizi nachana tu.
Bei yake naiachia hewani
ikauke yenyewe.

"Ishirini."
Nachana.
"Haya, ishirini na mbili, na soda."
Nachana.
Nje inapita pikipiki na sangara wawili,
mikia inafagia lami.
"Mbona hunijibu?"

Natafuta pa kupunguza, Bi Kwandu.
Nipunguze wapi?
Kisogoni? Wewe hujioni, lakini wenzako wataona.
Upande wa kushoto,
uwe unatembea mjini kwa ubavu mmoja?
Nipunguze saa? Ziko saba,
na ile ya mwisho nasuka
kwa vidole vilivyokwisha kulala.
Au mgongo? Chukua mgongo.
Jioni utaupandisha wewe Mabatini, kati ya mawe,
na madumu mawili ya maji ya kununua,
huku ziwa zima liko chini yako
linameremeta bure.

Akacheka. Kicheko cha mtu anayeijua mizani.
"Wewe ungeuza dagaa," akasema.

Tukapatana: thelathini mkononi,
tano iliyobaki atalipa kwa nusu sado,
dagaa wa Ukerewe, wasio na mchanga.

Kufika saa nne alikuwa amesinzia,
kichwa kimeniegemea tumboni, kizito, mdomo wazi.
Akawa anahesabu usingizini:
kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na tatu,
sijui noti, sijui ndoo,
lakini kumi na nne haikufika.

Ndipo nikaiona, pale utosini,
duara ndogo kama kisahani cha chai,
ngozi imeng'aa, nywele zimehama.
Ndoo imekaa hapo miaka.
Nikalegeza mkono. Nikaazima nywele za pembeni,
nikazilaza juu yake moja moja,
fundo jepesi, lisilovuta,
na nilipomaliza sikumwambia.
Hiyo haikuwa kwenye bei.

Saa tisa kijana wa baiskeli akaleta dagaa.
Bi Kwandu akajitazama kwenye kioo, mbele, nyuma,
akagusa utosi, akanyamaza kidogo.
Akahesabu noti, akanipa.
Akajaza nusu sado,
akapitisha kiganja juu yake
kama fundi anayesawazisha lipu.

Nikatazama dagaa wale, sawasawa na ukingo.
Nikasikia sauti, na ilikuwa yangu:
"Ongeza kidogo, mama. Mimi si mtu wako?"

Hakunijibu.
Akachota konzi, akamwaga juu,
kisha, kwa vidole viwili,
akarudisha watatu ndooni.