Swali la Kumi na Nne

Jikoni, Debrecen, theluji imeziba nusu ya dirisha.
Gáspár kavaa miwani ya kusomea,
anatujazia fomu za bima:
mwezi wa tatu tunahamia Montevideo.

Urefu? Anaujua. Uzito? Anacheka, anapunguza kilo mbili.
Sigara? Niliacha. Lini?
Andika juzi, namwambia,
naye anaandika mwaka, kwa mwandiko wake wa mhandisi.

Goti langu wamelikataa: liliuma kabla ya mkataba.
Meno hayamo. Uzazi unalipiwa ziada,
na mimi nina miaka hamsini na mmoja.

*Umewahi kulazwa hospitali? Taja mwaka na sababu.
Atakayeficha, bima yake ni batili.*

"Hapana," ananijibia, kalamu imeshashuka.

Ngoja.

Birika linaanza kuimba. Namtazama mtu
niliyelala naye miaka ishirini na sita,
anayejua kundi langu la damu, ubavu ninaoulalia,
supu nisiyoipenda.
Hajui Szeged. Hajui siku tatu, kitanda cha pembeni,
yeye yuko Vienna kazini,
wala jina nililokuwa nimeshalichagua.

"Andika elfu mbili na moja. Mwezi wa tano."

Kalamu haisogei.
"Sababu?"

Nafasi waliyotuachia ni ya maneno matatu,
nukta nukta, upana wa kidole.

Anavua miwani. Anazima birika.
Anaigeuza karatasi upande usioandikwa kitu,
anaisukuma kwangu, na kalamu juu yake.